Mama mdogo ameingia kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini: je, tupunguze tunachomtumia?

Kitindamimba

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo limetugawa nyumbani. Mama yetu mdogo anaishi kijijini wilayani Chamwino, mkoa wa Dodoma, pamoja na wajukuu watatu walioachwa kwake na wazazi wao waliokwenda kutafuta maisha mjini. Analima ekari mbili za uwele na karanga kidogo, na mwaka ambao mvua imekatika mapema huvuna kisichomfikisha hata Desemba. Mwaka jana jina lake lilipitishwa katika mkutano wa kijiji, akaingizwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania), na sasa hupokea ruzuku kila baada ya miezi miwili. Mara ya mwisho alipata shilingi 44,000.

Sisi watoto wake watatu tulio Dar es Salaam tumekuwa tukichanga na kumtumia kama shilingi 30,000 kwa mwezi, katika miezi tuliyojaliwa. Kaka zangu wanasema kwamba, kwa kuwa Serikali imempokea, tupunguze hadi nusu. Mmoja wao anaongeza kuwa fedha ya bure humfanya mtu atupe jembe. Moyo wangu unasita, lakini sina hoja ya kuwapa zaidi ya huruma. Walioishi na kaya zinazopokea fedha hizi, au waliozifuatilia kikazi, naomba mnieleze zinabadilisha nini hasa katika maisha ya mtu kama yeye.

Mwezeshaji Mstaafu

Ndugu Kitindamimba, niliwahi kuwa mwezeshaji wa mpango huo katika mikoa ya kati, kwa hiyo nitaanza na hesabu kabla ya hoja. Shilingi 44,000 kwa miezi miwili, katika kaya ya watu wanne, haifiki shilingi 200 kwa mtu kwa siku. Hakuna anayeishi kwa fedha hiyo. Anayedhani kwamba imebeba kaya hajawahi kununua unga kijijini mwezi wa Februari.

Hata hivyo, nimeona fedha hiyo ndogo ikifanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake, na sababu ni kwamba inajulikana inakuja. Fikiria kalenda ya Chamwino. Mvua huanza Desemba, na Januari hadi Machi ndiyo miezi ya palizi, lakini ndiyo pia miezi ambayo ghala ni tupu. Mama asiye na kitu ndani hulazimika kwenda kufanya kibarua katika shamba la mwenye chakula ili watoto wale jioni, na anaporudi kwenye ekari zake mbili anakuta magugu yamekwisha kuupita uwele. Mwingine hukopa gunia moja kwa ahadi ya kulipa mawili wakati wa mavuno, au huuza karanga zikiwa bado ardhini kwa bei anayoipanga mnunuzi. Hivyo umaskini wa mwaka huu huzaa wa mwaka ujao, ingawa mtu huyo hajapumzika hata siku moja. Ruzuku inapoingia katika miezi hiyo, anapalilia kwake kwanza. Mwambie kaka yako kwamba, kwa niliyoyaona, fedha hiyo humrudisha mtu kwenye jembe lake mwenyewe.

Kabla ya mpango kuenezwa nchi nzima, majaribio yake yalifanyika katika wilaya tatu, yaani Bagamoyo, Kibaha na hiyohiyo Chamwino yenu, kuanzia mwaka 2010. Vijiji vilikuwa 80, na nusu yake vilisubiri ili watafiti wapate kulinganisha. Kati ya matokeo yake, ninalolikumbuka zaidi ni viatu: kaya zilizopokea zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwanunulia watoto viatu, jambo ambalo mtu wa mjini anaweza kulipuuza mpaka aambiwe habari za minyoo na majeraha ya miguuni. Vilevile walinunua mbuzi na kuku, na wengi walijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii. Ziara za zahanati ziliongezeka mwanzoni, kisha zikapungua, na watafiti waliona kwamba zilipungua kwa sababu watu walikuwa na afya bora zaidi.

Jambo moja la kufuatilia: sehemu ya ruzuku huambatana na masharti. Watoto wa shule wanapaswa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na wadogo wapelekwe kliniki. Kwa bibi mwenye wajukuu watatu, mjukuu mmoja mtoro anaweza kupunguza fedha ya kaya nzima. Hapo ndipo simu zenu kutoka Dar zinaweza kusaidia kuliko fedha.

Mkaidi wa Singida

Ninakubaliana na hesabu za mwezeshaji, lakini tusizisifu ruzuku kupita kiasi. Katika kijiji nilichokulia niliona namna orodha ya wanaosaidiwa inavyoweza kuchubua ujirani. Utaratibu wenyewe ni mzuri kwenye karatasi: mkutano wa kijiji hutaja kaya maskini kwa vigezo vyake, kisha dodoso hujazwa, kisha majina hurudishwa mkutanoni yathibitishwe. Tatizo ni kwamba kijijini karibu wote ni maskini, na aliyeingia wa mwisho kwenye orodha na aliyeachwa nje wa kwanza ni watu wanaoazimana chumvi. Siku ya malipo mmoja anarudi na kilo tano za unga, mwenzake anachungulia dirishani. Mama mdogo wako atagawa kidogo alichopata, kwa sababu asipogawa hatazikwa vizuri (nasema kwa utani, lakini si utani sana). Kwa hiyo hata hiyo 44,000 si yake peke yake.

Pili, mpango huu una kitu kinaitwa kuhitimu. Kaya ikionekana imeinuka, hutolewa ili nafasi ziende kwa wengine. Mkipunguza leo kwa sababu ya ruzuku, je, siku atakapohitimu mtarudisha kiwango chenu cha zamani? Mimi nawajua ndugu wa mjini, maana ni mmoja wao. Kilichopunguzwa hakirudi.

Mwana wa Ziwa

Salamu kutoka Siaya, Kenya. Huku kwetu tumeyaona haya kwa sura nyingine. Shirika la GiveDirectly lilizipa zaidi ya kaya 10,500 takriban dola 1,000 kila moja kati ya mwaka 2014 na 2017, bila masharti yoyote, zikiingia moja kwa moja kwenye M-Pesa. Kigezo cha kuchaguliwa kilikuwa paa la nyasi, na ndiyo sababu leo ukipita katika vijiji hivyo unaona mabati. Wageni wengine walicheka kwamba maskini wanapewa mtaji halafu wanauweka juu ya nyumba. Hawakujua kwamba paa la nyasi hudai nyasi mpya na fundi kila baada ya muda mfupi, na kwamba bati hukinga maji ya mvua ambayo mama angeyafuata kisimani.

Kuhusu hofu ya kaka yako, utafiti uliotangulia ugawaji huo, uliofanyika Rarieda, hukuhuku Siaya, kuanzia mwaka 2011, haukuona matumizi ya pombe na tumbaku yakiongezeka kwa waliopokea. Uliona pia tofauti inayowahusu ninyi: waliopewa kwa mkupuo walielekea kununua vitu vya kudumu, na waliopewa kila mwezi walielekea kuwa na uhakika zaidi wa chakula. Kwa jambo la ujirani alilolitaja Mkaidi, utafiti wa baadaye, wa hizo kaya 10,500, ulionyesha kwamba hata kaya zisizopokea ziliongeza matumizi yao, kwa kuwa fedha ilizunguka kwa muuza duka, fundi na mwenye bodaboda, na bei za bidhaa zilipanda kwa kiasi kidogo mno. Sisemi wivu haukuwepo. Mwaka 2015, katika kaunti jirani ya Homa Bay, kaya nyingi zilikataa fedha hizo kabisa, kwa uvumi kwamba ni za mashetani. Mtu aliyezoea kuombwa kura, sadaka na riba haamini kirahisi kwamba kuna anayetoa bila kudai.

Ushauri wangu: kama ruzuku ya kila miezi miwili inamshikia chakula, fedha yenu ninyi igeuzeni mkupuo. Badala ya 30,000 zinazokuja mnapojaliwa, kusanyeni mumpe kwa wakati mmoja kitu ambacho ruzuku haiwezi kununua.

Kitindamimba

Ninawashukuru nyote, na shikamoo kwa mzee mwezeshaji. Nimewasomea kaka zangu majibu haya jana usiku. Yule aliyeogopa jembe kutupwa alinyamaza kwenye habari ya palizi, kwa sababu alikumbuka kwamba sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tuliwahi kumfuata mama yetu kwenye kibarua mwezi wa Januari, na shamba letu likaliwa na magugu.

Tulimpigia simu mama mdogo badala ya kuendelea kumjadili. Tulipomwuliza ruzuku imembadilishia nini, hakutaja chakula kwanza. Alisema kwamba mwenye duka sasa anamkopesha sukari bila kumsema mbele za watu, kwa kuwa anajua kuna siku ya malipo. Tulipomwuliza angependa nini kutoka kwetu, aliomba tusiguse kiasi, tubadilishe wakati: kidogo kila mwezi, na kinachobaki tukiweke mpaka mwisho wa Novemba, apate mbegu na mtu wa kumsaidia kulima kabla mvua haijamkuta. Mbuzi wawili atawanunua yeye baadaye, akishavuna. Kaka mkubwa amepewa kazi ya kutunza fedha hizo, na mimi nimepewa kazi ya kumpigia mwalimu mkuu kila mwezi kuuliza mahudhurio ya yule mjukuu wa kati, ambaye tumeambiwa hupenda sana kuchunga kuliko kusoma.