Nimelipia 5W-30, nikatiwa 20W-50, halafu naambiwa "oili ni oili"

Wadau, leo mniache niseme.

Nina Probox ya injini ya 1NZ, natoa mboga Molo kuleta hapa Nakuru mjini. Wiki tatu zilizopita niliipeleka gereji moja kumwaga oili. Nikalipia 5W-30, oili nyepesi, galoni ya lita nne, na filta. Nikavuka barabara kunywa chai. Kurudi, kazi imeisha, mkebe mtupu uko kando ya gurudumu kama ushahidi. Sikujiuliza mkebe uliofunguliwa sasa hivi una vumbi ndani kwa nini. Hapo ujinga ni wangu.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Nakuru mnaijua, napiga starta: ta-ta-ta-ta, tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu, zinalia kama cherehani. Gari hii haikuwa na hiyo tabia. Kupanda kutoka Salgaa, tena sina mzigo, nalazimika kurudi gia ya tatu. Petroli ya 2,500 iliyonitosha safari mbili, sasa ya pili nafika nyumbani taa imewaka. Sisemi yote ni oili, ile barabara na malori yake pia ina mambo. Lakini malori yalikuwepo hata mwezi uliopita.

Jirani ana Fielder, injini ile ile, ndani ana 5W-30. Alfajiri moja kabla ya kuwasha, tukachomoa dipstiki zote mbili tukaziinamisha juu ya gazeti. Yake ikadondoka hapo hapo. Yangu ikaning'inia nchani kama asali, nikahesabu mpaka nne.

Nikarudi kwa fundi. Bila haya: "Mkubwa, tulikuwekea 20W-50 ya kwenye pipa. Oili ni oili. Nzito ndiyo inalinda injini."

Inalinda injini gani? Namba ya mbele inahusu uzito wa oili ikiwa baridi, ya nyuma ikiwa nyuzi 100; namba kubwa, oili nzito. VVT-i, mfumo wa injini hii wa kupanga muda wa valvu kufunguka, inatumia presha ya oili hiyo hiyo kusogeza kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, na oili inapita kwenye vitundu vyembamba. Mzee mwenye Peugeot 504 iliyochoka, mtilie 20W-50, atakushukuru. Kitabu cha gari langu kinataka 5W-30.

Na nyinyi mnaogombana kila siku chapa ipi ni kali, mimi simo. Nimebadilisha chapa tatu, zote 5W-30, na barabarani sijahisi tofauti yoyote. Hii ya uzito nimeihisi siku ya kwanza.

Nimemwaga kwingine, safari hii nimesimama hapo hapo mpaka tone la mwisho, muhuri wa galoni nimeukata mwenyewe. Asubuhi yake tapeti kimya.

Pesa yangu hawajarudisha. Na ile galoni niliyolipia, iliingia gari la nani?