Ushauri: Mtaani kwetu wanataka kujenga hosteli ya wanafunzi, mkutano ni Jumamosi

Mkazi wa Bondeni
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa mnaojua mambo ya mipango miji.

Naishi Dar, jirani na Chuo Kikuu, upande wa bondeni. Kuna mwekezaji amenunua viwanja viwili vinavyopakana, amevunja nyumba zilizokuwepo na anataka kupandisha hosteli ya ghorofa nne. Mwenyekiti wa mtaa ameitisha mkutano kwa ajenda hiyo tu. Wenye vyumba vya kupangisha wanapinga, mama lishe na bodaboda wanashangilia, wazee wanasema wanafunzi wataleta uhuni.

Hofu yangu ni nyingine. Huku hakuna bomba la majitaka, kila nyumba ina karo lake (shimo la majitaka), na masika yakikolea kuna watu wanafungulia makaro kwenye mtaro. Mtaro huo unapita ubavuni mwa nyumba yangu. Njia ya kuingilia inatosha gari moja. Gari la kunyonya majitaka likiwa ndani, bajaji zote zinasubiri nje. Leo uongeze watu mia kadhaa?

Ila nina binti anasoma mkoani, alikosa nafasi ya hosteli chuoni akaishia kulala chumba kimoja na wenzake watatu. Siwezi kusimama hadharani nikasema watoto wa wenzangu wasijengewe. Nisimame upande gani, na hoja zipi zina uzito?

Mwaka wa Pili
Shikamoo mzazi. Nasoma hapo hapo Mlimani. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zinachukua wanafunzi 3,840, lakini majina ya vyumba yakitoka wengi bado tunajikuta nje. Kuna wanaobebana, wawili kitanda kimoja, na kuna sisi wa mageto, vyumba vya kupanga mtaani. Bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, la chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, halafu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla halijaingia. Nikitoka maktaba usiku napita njia haina hata taa moja. Kelele zipo, sikatai, ila msituhukumu wote.

Ramani Mezani
Nimefanya kazi idara ya mipango miji, si Dar, lakini utaratibu ni ule ule.

Mkutano wa mtaa hautoi kibali. Unatoa muhtasari, nao unapanda kata na kwenda manispaa. Kibali cha ujenzi na mabadiliko ya matumizi ya ardhi vinaamuliwa huko, kwenye Kamati ya Mipango Miji ya madiwani, baada ya wataalamu kuandika taarifa yao. Kwa hiyo leta hoja ambayo mtaalamu anaweza kuiandika. "Wanafunzi wahuni" haiandikiki. "Karo lina ukubwa gani, litanyonywa kila baada ya muda gani, gari litaingilia wapi" inaandikika, na asipojibiwa kibali kinakwama.

Uliza hati za viwanja zinasema matumizi gani. Kama ni makazi ya kawaida, uliza maombi ya kubadili matumizi na kuunganisha viwanja yamefika wapi. Uliza kama michoro imepita Zimamoto, kwa sababu kwenye njia kama hiyo gari lao halifiki kirahisi. Uliza habari ya NEMC, wasimamizi wa mazingira: tathmini ya mazingira chini ya sheria ya 2004 inataka majirani wasikilizwe. Je, kuna mtu amebisha hodi kwako? Na tangu ghorofa la Kariakoo lianguke Novemba 2024, hakuna wa kuona haya kuuliza mhandisi na mkandarasi ni nani.

Jambo moja nakusihi sana. Jumamosi itapita karatasi ya mahudhurio. Nimewahi kuona karatasi isiyo na kichwa, watu wanasaini huku wanapewa soda, baadaye inaambatishwa kama ushahidi kwamba wananchi wameridhia. Kabla hujasaini, juu kabisa paandikwe "mahudhurio", tarehe na ajenda. Kisha piga picha kwa simu.

Baba Mwenye Vyumba
Mnaongea kirahisi. Mimi nina vyumba sita, vyote wanafunzi, na mkopo wa benki haujaisha. Vikibaki tupu nitalipa na nini?

Ramani Mezani
Pole sana ndugu yangu, hofu yako ina msingi. Lakini kushuka kwa kodi si sababu ya kunyimwa mtu kibali. Ukiisimamisha hiyo mkutanoni utawapa nafasi ya kusema mtaa mzima unapinga kwa ajili ya kodi, na hoja ya majitaka itazama nayo.

Changarawe
Huku kwetu, jirani na Chuo Kikuu cha Mzumbe, tumezoeana na wanafunzi. Chuo kikifungwa hata muuza chipsi anapungukiwa. Kilichosaidia kwenye kelele ni hosteli kuwa na mlezi anayelala palepale, na namba yake majirani wote wanayo. Dai hilo liandikwe.

Mkazi wa Bondeni
Asanteni mno. Leo nimepita ofisi ya mtaa. Hati sijaonyeshwa, kuna michoro ya rangi tu. Karo limechorwa kwenye mpaka na kwangu, hatua chache kutoka dirisha la jikoni. Nikaliseme mkutanoni?

Ramani Mezani
Liseme, lakini usiishie hapo. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa Afisa Mipango Miji, Diwani na Mtendaji wa Kata. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mkutanoni yanaweza kuachwa nje ya muhtasari. Barua yenye muhuri wataijibu.

Mwaka wa Pili
Mzazi, mwombe mwenyekiti awaalike na DARUSO, serikali yetu ya wanafunzi. Tunajadiliwa sisi, na sijasikia mwanafunzi hata mmoja aliyeitwa.

Mkazi wa Bondeni
Nitamwomba, binti yangu. Nimeamua: hosteli naiunga mkono, karo lihamie upande wa barabara, njia ipanuliwe kabla ya msingi kuchimbwa, na mlezi awepo. Barua naiandika usiku huu. Mwenye mfano wa barua kama hiyo anitumie.