MREJESHO: Kutoka stashahada ya afya ya mifugo hadi udaktari wa mifugo SUA

Wakuu, niliuliza kama mwenye stashahada ya afya ya mifugo ya LITA (wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo) anaweza kusomea udaktari wa mifugo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), alama za kidato cha sita zikiwa hazikutosha. Inawezekana, nimepata nafasi. Asanteni, hasa mliosisitiza niombe mapema AVN, namba ya uhakiki wa stashahada inayotolewa na NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi): bila namba hiyo maombi hayaendi, na majina yakitofautiana na cheti cha kidato cha nne uhakiki unaweza kukwama. GPA (wastani wa alama za stashahada) isipungue 3.0, ingawa ushindani hudai zaidi. Kilichogoma ni kuruka mwaka wa kwanza. Anatomia na fiziolojia unaanza upya, miaka yote 5. Likizo naendelea kuchanja kuku vijijini, chini ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari.