Mdogo wangu anataka kupanda Helvellyn Desemba hii, nimruhusu?

Kaka Mkubwa, Mwanga Kigoma
Wakuu, mdogo wangu anasoma Lancaster, Uingereza. Jana kanipigia, Jumamosi wenzake wanapanda mlima Helvellyn, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nikautafuta: mita 950. Ziwa letu lenyewe liko kama mita 770 juu ya bahari, vilima vya Gombe vinaupita huo mlima mbali. Sasa hiyo barafu wanayoisema ya huko inatoka wapi? Yeye ana raba na koti tu. Mama hajaambiwa.

Mwana wa Kasulu
Kaka, urefu usikudanganye. Nimekaa kaskazini ya Uingereza miaka minne, na mlima huo nimeupanda Januari. Desemba jua linatoka kama saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi jioni halijafika limeshazama. Juu kule upepo unapenya koti lolote.

Theluji laini haikunitisha, maana mguu unazama na kushika. Kilichonitisha ni maji ya njiani yaliyoganda usiku juu ya mawe. Huoni kitu, jiwe unaliona limelowa tu. Nilikanyaga, nikajikuta chali nateleza kuelekea korongoni, mwenzangu akadaka mkoba wangu. Mpaka leo nikikumbuka mikono inatoka jasho.

Raba hapana kabisa. Anahitaji buti ngumu, meno ya chuma ya kufunga chini yake na kishoka cha barafu, tena awe amefundishwa kujizuia nacho akianguka. Na wasipite Striding Edge, ukingo mwembamba wenye mteremko mkali pande zote mbili. Watu wamekufa pale.

Msimu wa baridi kuna watu wa hifadhi wanaopanda Helvellyn kila siku na kuandika mtandaoni hali ya barafu na upepo. Asome kabla ya kutoka.

Binti Kibirizi
Shikamoo kaka. Abebe tochi na filimbi: akipata shida anamulika au kupuliza mara sita kwa dakika moja, anatulia dakika, anarudia. Simu ya dharura ni 999, aombe polisi, kisha waokoaji wa milimani. Betri huisha haraka kwenye baridi, simu aiweke kifuani. Baba yangu mvuvi, akiona ziwa limechafuka anarudisha mtumbwi hata kama karabai zimeshawashwa.

Kaka Mkubwa, Mwanga Kigoma
Marahaba. Nimempigia, kanuna, ila Jumamosi hapandi. Watatembea bondeni, kando ya ziwa Ullswater. Hizo buti na meno ya chuma zinakodishwa, au nianze kutafuta hela?

Mwana wa Kasulu
Kuna maduka yanakodisha. Hela itafute ya mwalimu wa siku moja.