Fedha inayomezwa: ioni na chembe hufyonzwa kwa namna moja?

Mdadisi: Ndugu zangu, nauliza kuhusu fedha ya madini, si ile ya mfukoni. Wauzaji wa maji ya fedha, yaani maji yenye fedha yanayonywewa kama dawa, hudai kwamba ioni (atomi za fedha zenye chaji ya umeme) zikifika tumboni hukutana na asidi, zikawa kloridi ya fedha isiyoyeyuka na kutoka na choo, ilhali chembe ndogo mno za fedha hupita hadi kwenye damu. Je, ni kweli?

Mkemia: Ni nusu ya ukweli. Kloridi ya fedha huundwa, lakini kloridi inapozidi, sehemu ya mashapo hayo huyeyuka tena na kuwa ioni changamano, yaani fedha iliyoshikana na kloridi kadhaa. Isitoshe, fedha huvutwa zaidi na salfa, kwa hiyo hunaswa na protini zenye salfa na kusafiri nazo. Wagonjwa wa zamani waliotibiwa kifafa kwa kumezeshwa naitreti ya fedha, ambayo ikiyeyuka hutoa ioni, waligeuka rangi ya kijivu, jambo ambalo lisingetokea kama ioni zote zingetoka na choo. Chembe nazo huliwa taratibu na majimaji ya tumbo na kuachia ioni zilezile, kwa hiyo mpaka unaochorwa na wauzaji hao haudumu tumboni.

Mwanasumu: Naongeza suala la kiasi. Wanyama wengi wa maabara hufyonza takriban asilimia 10 au chini yake, na sehemu kubwa ya kilichofyonzwa hutolewa na ini kupitia nyongo. Kinachobaki hutua kwenye ngozi kikiwa kimeshikana na salfa na selenia (elementi inayofanana na salfa), na kwa kuwa mwanga huchangia kukigeuza rangi, uso na mikono ndivyo hubadilika zaidi.

Mdadisi: Basi mtu akimeza kidogo kila siku?

Mwanasumu: Hapo jumla ndiyo ya kutazama. Shirika la Afya Duniani lilichukulia takriban gramu 10 kwa maisha yote kuwa kiasi kisichoonyesha madhara. Hata hivyo, kutodhuru si kuponya: mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba dawa za fedha za koloidi (zenye chembe ndogo mno za fedha zinazoelea majini) zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na ufanisi.