Tupeane uzoefu: Jirani kaja na mbwa kwenye arobaini ya mwanangu, kambeba mgongoni kwa khanga

Mama Kitukuu

Habari za usiku wakuu. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi, na hapa nyumbani limetugawa makundi mawili, nikaona nililete tupeane uzoefu.

Jumamosi nilikuwa natoka arobaini. Uani tumetandika mikeka, pilau liko jikoni, bibi mzaa mama kaja toka Korogwe kumwona kitukuu chake. Saa saba mchana akaingia jirani yetu wa nyumba ya pili, dada mstaarabu tu, hana makuu na mtu, na mgongoni kabeba. Nikajua kaja na mtoto wa ndugu yake. Bibi macho siku hizi hayaoni vizuri, akanyoosha mikono: "Lete na huyo nimpakate." Jirani akafungua khanga, akamweka bibi mapajani mbwa.

Mweupe, manyoya kama pamba, kavalishwa kifulana cha bluu. Bibi akapapasa kichwa, akapapasa sikio, sikio likazidi kuwa refu. Yule mbwa akamlamba kiganja.

Bibi hakupiga kelele. Alisema tu, "Nileteeni maji na udongo." Bibi ni Mshafii wa kufundishwa tangu utotoni, kwake mate ya mbwa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Sasa kwetu uani kote kumesakafiwa, huo udongo unautoa wapi? Mdogo wangu akakwangua kwenye chungu cha mshubiri. Wageni kimya, pilau linapoa, bibi anahesabiwa osho moja baada ya jingine, na jirani kasimama na khanga mkononi anasema, "Lakini ana chanjo zote, na jana nimemwogesha."

Mume wangu anasema ningemtoa palepale. Mimi nasema hakukusudia ubaya. Kwake yule ni mwanawe, na siku ya shughuli nani anamwacha mtoto nyumbani peke yake? Hata hivyo moyoni sijatulia. Waliofuga, waliong'atwa, mlioko nje ya nchi, leteni mliyoyaona. Matusi hapana tafadhali, jirani anaweza kuwa humu humu.

Kondakta Mstaafu

Wahenga walishamaliza: ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Kwako kaishia kwenye mkeka, shukuru.

Dereva wa Usiku

Pole kwa bibi. Mimi naendesha teksi za kuitwa kwa simu hapa Dar mwaka wa nne sasa, nina ya kusema.

Usiku mmoja nimempakia dada Masaki, ana mbwa wa kimo cha mbuzi. Nikamwomba amweke chini miguuni. Akasema, "Huyu ni mtoto wangu, hakai chini." Nikanyamaza, hela ya mafuta nilikuwa nadaiwa. Nimemshusha, abiria aliyefuata mzee wa watu, kanzu nyeupe imepigwa pasi, anawahi Isha. Nimewasha taa ya ndani naona manyoya kiti kizima, na pale katikati pameloa. Nikamhamishia mzee mbele nikiwa na aibu utadhani mimi ndiye niliyetoa mate.

Tangu hapo nina shuka kuukuu kwenye buti. Wapo wanaopiga kwanza: "Kaka, nina mbwa, unabeba?" Hao nawabeba bila neno, nawatandikia. Anayenichefua ni yule anayejitokeza naye kona ya mwisho, amemficha nyuma ya mkoba.

Na mbwa mwenyewe sina ugomvi naye. Madrasa tulisomeshwa habari ya mtu aliyemkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akamchotea maji kwa kiatu chake, akasamehewa madhambi. Vijana wa Pango nao walikuwa na mbwa wao kwenye Qur'ani, kanyoosha miguu ya mbele kizingitini. Kizingitini lakini. Sio mapajani.

Binti wa Makueni

Mimi nilifanya kazi ya nyumba mtaa mmoja wa matajiri Nairobi, miaka miwili na miezi. Kulikuwa na mbwa anaitwa Bebi. Bebi alipikiwa nyama ya kusaga nusu kilo kila siku, na karoti na wali, bila chumvi. Mimi na askari wa geti tulikula githeri. Sikulalamika, githeri naipenda.

Siku moja nikaamka na tumbo linanikata mpaka siwezi kunyooka. Nikaomba ruhusa niende kliniki. Mama mwenye nyumba akaniambia ningoje jioni, maana saa nne Bebi anapelekwa kukatwa kucha na mimi ndiye humshika asiruke. Basi nikakaa kiti cha nyuma, nimempakata, jasho linanitiririka mpaka linamdondokea kichwani. Pale kwa daktari wake kuna viti vya ngozi na mashine ya maji baridi. Daktari akanitazama akauliza, "Wewe ndiye mgonjwa ama mbwa?" Wote wakacheka. Mshahara wa mwezi ule ulipotoka, siku mbili nilizolala zilikuwa zimekatwa.

Jameni, sikumchukia Bebi. Usiku kukinguruma radi alikuja kulala mlangoni kwa chumba changu cha nyuma, anatetemeka, na mimi radi naogopa pia. Alikuwa hajui kama yeye ni mtoto wa nyumba na mimi si mtoto wa mtu. Waliojua ni wenye nyumba.

Kondakta Mstaafu

Dada, hapa nimeacha utani. Pole sana.

Mwanakwaya

Tuwe wakweli, hii ya kuita mbwa "mwanangu" imezidi. Papa Francis aliligusa Januari 2022, akasema watu kukataa kuzaa na kujaza nafasi ya watoto kwa mbwa na paka ni ubinafsi. Mwaka uliofuata akasimulia mama mmoja alivyofungua mkoba aombewe baraka kwa ajili ya "mtoto" wake, kumbe ndani mna mbwa. Alimkaripia. Wazungu wanazeeka peke yao, na sisi tunakimbilia hukohuko.

Mwenye Subira

Mwanakwaya, nimesoma ulichoandika mara tatu kabla ya kujibu.

Nina miaka 41. Mimba nne, hakuna iliyovuka mwezi wa tano. Ya mwisho tulikuwa tumeshanunua beseni. Baada ya pale mume wangu aliniletea mtoto wa mbwa kwenye boksi la viatu, koko tu, aliokotwa karibu na mtaro. Nilimkataa siku mbili. Siku ya tatu alilia usiku kucha, nikaamka, nikampashia maziwa. Nilikuwa sijaamka usiku kwa ajili ya mtu yeyote tangu nitoke wodini.

Namwita mwanangu, ndiyo. Beseni lile ndilo namwogeshea. Sijakataa kuzaa, na sidhani kama Papa alikuwa anasema na mimi. Ila kwa watu simpeleki. Kwa mama mkwe simpeleki, kanisani simpeleki, kwenye msiba ndio kabisa. Mtu akija kwangu anaogopa, namfungia chumbani bila kununa. Uchungu wangu ni wangu, siwezi kuutandikia kwenye mkeka wa mwenzangu. Mama Kitukuu, huyo jirani yako hujamuuliza kwa nini amembeba kwa khanga. Muulize siku moja, taratibu, mkiwa wawili.

Mwanakwaya

Nisamehe dada. Niliandika kama mtu anayehubiri.

Niko Berlin

Salaam kutoka huku kwenye baridi. Naona watu wakitaja Ulaya kana kwamba mbwa kaingia kila pembe. Ngoja niwape ya huku.

Mbwa analipiwa kodi. Hapa Berlin wa kwanza ni euro 120 kwa mwaka, wa pili na kuendelea 180 kila mmoja. Treni za masafa marefu, mdogo aliye ndani ya kikapu hana nauli. Mkubwa anakatiwa tiketi, anafungwa kamba na kuvikwa kizuizi cha mdomo. Mgahawani utamkuta kalala chini ya meza ya mwenyewe, hata husikii pumzi. Lakini dukani kwenye vyakula hakanyagi: mlangoni pamebandikwa picha ya mbwa na maneno "sisi tunabaki nje", kana kwamba ndio wanaosoma. Anafungwa nje kwenye ndoano, anangoja.

Huo utulivu haukushuka na mvua. Watu wanawapeleka mbwa shuleni kabisa, wanalipia, na mwenye mbwa ndiye anayefundishwa zaidi ya mbwa. Sisi tumechukua kifulana na keki ya siku ya kuzaliwa, hayo mengine tumeyaacha kiwanja cha ndege.

Halafu kuna hili. Juu yangu anaishi mzee wa miaka themanini na kitu, watoto wake huja Krismasi. Ana mbwa mfupi wa miguu kama vidole gumba. Mara tatu kwa siku nasikia kucha zake kwenye ngazi, na nyuma yake fimbo ya mzee. Februari mwaka jana ikapita asubuhi sijasikia kucha. Nikapanda, nikagonga. Mzee alikuwa kaanguka bafuni tangu usiku, mbwa kamlalia kifuani. Sijui tungemwita mbwa yule nani, lakini hospitali walipouliza nani ndugu wa karibu, mzee alimtaja yeye kwanza.

Baba wa Watatu

Zote hizo sawa. Mimi yangu ni fupi na sina hamu ya kuchekesha.

Mwanangu wa miaka sita aling'atwa pajani na mbwa wa jirani. Yule ambaye kila siku tunaambiwa "huyo hang'ati, ni mtoto tu." Mama mkwe akakimbilia mafuta ya taa. Nesi tunayepanga naye akamzuia: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15. Niliweka saa ya simu, ni dakika ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi, mtoto analia kidonda kinachuruzika. Kituo cha kwanza chanjo hakuna. Cha pili ipo. Ratiba tuliyopewa: siku hiyohiyo, ya 3, ya 7, ya 14, ya 28. Kila nauli, kila ruhusa ya kazini, ni juu yangu.

Nikamwendea mwenye mbwa nikiomba kadi ya chanjo. Kadi haionekani. Akanifungulia simu kunionyesha kuwa mbwa anapendwa: picha ya keki, picha ya kofia, picha yupo kitandani. Kadi hakuna. Tukamfungia mbwa siku kumi tukimtazama kama atabadilika. Zile siku kumi sikulala. Hakubadilika, Mungu mkubwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote wameng'atwa na mbwa, na takriban wanne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, habari imekwisha. Kwa hiyo ukinambia mbwa wako ni mtoto, nakujibu vizuri tu: mtoto ana kadi ya kliniki. Iko wapi?

Daktari wa Ng'ombe

Hapo umenena. Mimi ni mganga wa mifugo, jina langu la hapa ni la zamani, siku hizi wateja nusu ni mbwa. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maeneo mengi huchanja bure. Wanaokuja ni vijana na mbwa wao wa kamba ya katani. Wale wa vifulana nawaona wachache.

Hao wa vifulana huja kwangu siku nyingine, wanatapika. Kala chokoleti. Kala keki yenye zabibu kavu. Kala pilau, na kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu yake. Unene ndio usiseme, kuna mmoja alibebwa na watu wawili. Mwenye mbwa analia kwa uchungu wa kweli, namhurumia. Ila ukimuuliza anatembezwa mara ngapi kwa siku, anamtazama dada wa kazi.

Mchunga Mbuzi

Kwetu mbwa hana kitanda wala jina la kizungu. Analala na mbuzi. Fisi akija yeye ndiye wa kwanza kujua na wa kwanza kuumia. Wa kwetu alichanwa ubavu, baba akamshona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Hatujawahi kumwita mtoto. Baba kwenye kula humkatia yeye kabla yetu.

Kondakta Mstaafu

Mama Kitukuu, mrejesho! Bibi anasemaje?

Mama Kitukuu

Nimewasoma wote. Mwenye Subira, yako nilisoma nikamwamsha mume wangu naye asome.

Jirani alikuja leo asubuhi, peke yake, na kilo mbili za sukari za kumwomba bibi radhi. Wakakaa kibarazani wawili tu, mimi nikajifanya naanika nepi. Sikusikia yote na niliyoyasikia siyaandiki hapa. Nilimwona bibi kamshika mkono.

Baadaye bibi akaniita: "Waambie wamlete yule mweupe, aishie getini." Nikamwambia bibi, getini mbali, hutamwona. Akasema hata hapa alipompakata hakumwona. Basi kaletwa, kafungwa nje ya geti kwa kamba, bila kifulana. Akabweka kidogo. Bibi kainamisha sikio, kanyamaza muda mrefu, kisha akamgeukia jirani:

"Sauti nyembamba hivyo, huyu anashiba kweli?"

Alishataka nimpelekee pilau la kiporo. Nimemwambia daktari kakataza kitunguu, sasa ananidai nikamchemshie nyama bila chumvi.