Naomba ushauri: zege la nguzo linakwanguka kwa msumari

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi wa madarasa mawili kijijini kwetu, kwa fosi akaunti (yaani kamati inasimamia yenyewe na kuajiri mafundi, bila mkandarasi). Mchoro unataka zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) kwenye nguzo na linta (boriti za juu ya milango na madirisha). Siku ya kumwaga nilisimama pale: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, karai za mchanga na kokoto mpaka nikapoteza hesabu, maji yanamiminwa kwa ndoo hadi zege likawa uji. Jioni bodaboda ikatoka stoo na mifuko ya saruji. Kuuliza, nikaambiwa, "Mzee tulia, hii kazi ya serikali."

Leo wiki ya tano, nikikwangua nguzo kwa msumari inadondoka kama biskuti. Vipande vya zege vya kupima nguvu yake maabara siku ya 28 baada ya kumwaga havikutengenezwa kabisa. Na wiki ijayo natakiwa kusaini malipo.

Wenye uzoefu, zege lililokwisha kukauka linapimwaje bila kubomoa? Nikigoma kusaini, niandike nini kwenye muhtasari? Nianzie kwa mhandisi wa halmashauri (aliyepita site mara moja, hakushuka kwenye gari) au TAKUKURU moja kwa moja? Kijiji ni kidogo, wote tunajuana.